Mwaka Tuliolala Matangani

Mwape, mamangu,

Hakuna mlango hata mmoja wa Kolwezi uliowahi kufungwa mbele ya uso wangu. Ukifika Fungurume waambie hivyo: baba yangu, mzee Kabamba, aliingia kila nyumba ya mji ule kwa mlango wa mbele, akapewa kiti, akapewa sahani.

Haya, nifute. Ni uongo. Sahani nilipewa, hilo kweli. Kiti, mara mojamoja. Lakini milango ilifungwa, tena mmoja ulifungwa kidole changu kikiwa bado ndani. Unakumbuka ukucha wa dole gumba langu, ule uliopinda kama gamba la konokono, uliokuwa ukiuchezea mpaka unalala? Nilikuambia ulibanwa na behewa kazini. Behewa la watu nimelisingizia bure miaka yote hii. Ulikuwa mlango wa kaka yangu.

Tutaufikia mlango huo. Kwanza nikuambie kwa nini naandika, na wewe uko chumba cha pili unapanga nguo. Mama yako amekushika tangu mchana na maagizo yake: uchemshe maji, usiazimishe kitenge, usile nyumba za watu usiowajua. Sina la kuongeza hapo. Halafu mdomo wangu unaujua, ukianza jambo zito unateleza unaangukia kichekesho. Karatasi haicheki, ndiyo maana nimeichagua. Na kama unashangaa Kiswahili changu kimenyooka leo, ujue padri aliyetufundisha mpaka darasa la tano alitupiga fimbo kila tuliposema bitu badala ya vitu. Barua naivalisha suti. Kesho asubuhi tukiagana nitarudi kwenye kaptula yangu.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, ulitueleza kazi yako mpya. Utapita mtaa kwa mtaa kuandika nani anaishi wapi, ili mgodi ukiwahamisha watu, kila familia ipate nyumba upande wa pili. Nilivimba kichwa, nikatafuna polepole ili majirani waendelee kukusikia dirishani. Halafu ukasema shida yako itakuwa watu wa mabashi, wale wanaosikia mtaa utahama, wanakuja mbio kutandika turubai lao, wanaapa kwamba wamezaliwa pale.

"Ni babongo, tata," ulisema, yaani waongo watupu. "Muntu wa kweli hawezi kukosa hata ndugu moya wa kumulalisha."

Mama yako aliitazama mboga ya sombe kama imemwita jina. Mimi nilicheka, nikaomba uniongezee tonge la bukari. Wewe ukadhani tumekubaliana nawe. Mamangu, maneno hayo uliyoyasema, yote, mpaka lile la ndugu mmoja, nimewahi kuyasikia yakisemwa na mji mzima. Yalisemwa juu yangu mimi, juu ya mama yako, na juu ya mtoto mmoja mwenye kamasi aliyekuwa akibebwa mgongoni. Mtoto huyo kesho anapanda gari la kazi.

Umekua ukijua kwamba tuliishi kambini, kisha tukaja nyumba hii. Kati ya hapo na hapa kuna mwaka mmoja tuliokuficha. Hatukuuficha kwa aibu tu. Tuliuficha kwa sababu wewe uliupenda sana, na hatukutaka kukuharibia.

Nyumba ya kambini ilikuwa ya kampuni ya mgodi. Kazi ilipoanza kufa, kampuni ikatuuliza: nani anataka kuinunua nyumba anayolala? Wenzangu wakainunua. Baba yako mwerevu alisema: ninunue nini, si tayari ninalala humo? Nikanunua spika. Spika nne, kila moja na urefu wa mama yako, na mashine ya kuzivumisha, nifungue nganda uani, watu wanywe, wacheze, mimi nikae mlangoni na kofia. Mama yako aliniuliza umeme utatoka wapi. Nikamjibu kwamba mwanamke hajui biashara. Siku ya ufunguzi umeme ulikatika kabla wimbo wa kwanza haujafika kwenye gitaa, na haukurudi mpaka wateja walipokwisha kusahau njia. Spika zile kuku walitagia mayai. Lilikuwa banda la kuku la gharama kubwa kuliko yote Katanga.

Nyumba ikapata mnunuzi mwingine. Sisi tukapanga vyumba viwili kule ambako watu walikuwa wamegundua kobalti chini ya mitaa yao. Usifikiri mwenye nyumba alitufukuza kwa sababu ya kodi. Alikuja asubuhi na vijana wanne na sururu, akaniomba msamaha kwa heshima zote, akaniambia jirani yake amefika kwenye mawe meusi mazuri jikoni mwake, na yeye sebule yake, yaani sebule yetu, iko kwenye mstari uleule. Mama yako alikuwa bado anafagia. Mwisho wa siku mahali pa meza palikuwa shimo lenye kamba. Wewe ulililia shimo lile. Ulitaka kushuka.

Tukaenda kwa kaka yangu. Baba yako mkubwa alikuwa na vyumba vinne na jenereta, na alitupokea vizuri, sitaki kumsingizia naye kama behewa. Lakini watu wanaogopa umaskini kama upele, mama. Hawakuchukii. Hawataki tu ukae kwenye kitanda chao. Kazi yake yeye ilikuwa inatikisika, na kila akinitazama alijiona kwenye kioo. Akaanza kunyamaza. Mkewe akaanza kufunga jiko kwa kufuli. Siku moja tumerudi kutoka sokoni, tumekuta sanduku letu barazani, limefungwa vizuri, hata nguo zako zimekunjwa. Nikabisha. Akafungua kidogo, nikaweka mkono, akafunga. Halafu akasema nyuma ya mlango, kwa sauti ya mtu anayelia, kwamba mtu hawezi kukosa mahali kama hana kosa, na niende nikatafute kosa langu.

Basi mji ukanisaidia kulitafuta. Jirani wa zamani alisema nimekula pesa za shetani na shetani amekuja kudai. Mwingine alisema ni uvivu, eti mwanaume mwenye mikono miwili, kila kilima kina mawe. Kanisani waliniombea niondokewe na pepo la kutangatanga, na baada ya amina hakuna aliyeniuliza naelekea wapi. Hata mimi nilianza kuamini. Mtu akikosa mlango anajitafuta dhambi, maana dhambi angalau ni kitu chako mwenyewe.

Wiki ile mvua ilituokoa. Ilitukuta njiani na sanduku, tukakimbilia chini ya bashi kubwa lililotandikwa uani mwa watu. Moto unawaka, wanawake wanaimba, wazee wamekaa kwenye viti vya kukodi. Matanga. Kabla sijajieleza, mama mmoja alinitazama uso uliolowa, akadhani ni machozi, akasema pole sana, tata, akaniwekea sahani. Wewe ulikuwa umekwisha kulala kwenye mkeka katikati ya watoto wa marehemu. Mama yako akaniangalia. Mimi nikaangalia sahani. Mwape, ilikuwa na samaki.

Hapo akili yangu, ile iliyonunua spika, ikaamka ikajifuta matongo.

Fikiri mwenyewe. Mji huu unazika kila siku. Penye matanga watu hulala nje kando ya moto mpaka siku zitimie, na ni aibu kubwa kumuuliza aliaye amekuja kwa nani. Lakini anayelala matanga matatu mfululizo bila undugu huanza kutazamwa. Kwa hiyo nikajifanya mtani. Unajua ukoo kwetu hufuata mama, na Chui humla Mbuzi, Mamba humla Samaki, kwa hiyo koo hizo ni watani. Mtani anakuja msibani kumtukana maiti, kuiba nyama kwenye chungu, hata kushuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Watu wanacheka, kilio kinapumua kidogo. Na mtani hafukuzwi. Jirani hufukuzwa, ndugu, tumeona, hufukuzwa. Mtani, ukimfukuza umejilaani.

Nikawa mtani wa Kolwezi nzima. Akifa Mbuzi, mimi Chui. Akifa Chui, mimi Mbuzi, nalia meee mlangoni. Akifa Samaki, naingia nimefungua mikono miwili kama mdomo wa mamba. Nilimlaumu marehemu kwa kutukimbia na pombe ya munkoyo haijaiva, nilijifunga kilemba cha mjane, nikacheza. Watu walikuwa wakiniuliza mapema kama nitakuwepo. Mama yako hakudanganya hata siku moja. Alipita moja kwa moja kwenye masufuria, akakunja kitenge, akaosha vyombo mpaka vidole vikawa vyeupe. Alikuwa akisema, "Weye kula na bongo yako ya kudanganya, miye nitakula na jasho yangu." Na wewe ulikuwa na ndugu kila mtaa, nyimbo kila jioni, nyama kila siku ya kuzika, na bibi wapya waliokusuka nywele.

Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza, "Tata, sababu gani mwaka ule ndugu zetu walikufa wengi vile?" Nikasema ilikuwa ni homa. Mama yako alitoka nje kucheka, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi macho yake hayakuwa ya mtu aliyecheka tu.

Sasa tufike kwa Tata Kabwe.

Alikuwa dereva wa mashine kubwa kazini, mgane, na msiba wake ulisimamiwa na dada yake, Mama Musonda, mwanamke mwenye mgongo ulionyooka na fimbo asiyoihitaji. Tulifika asubuhi ya mazishi. Langoni nikauliza kijana mmoja kwa upole: hapa ni kwa ukoo gani? Akasema hapa ni kwa Mbuzi. Mimi ni Chui kweli, mama, Chui wa maziwa ya mama yangu. Kwa mara ya kwanza mwaka mzima nilikuwa naenda kufanya utani wa haki. Nikamwambia mama yako: leo sidanganyi, leo utaniona.

Akaniona. Makaburini kabla jeneza halijashushwa, nikaruka ndani ya shimo, nikalala chali, nikaunguruma. Nikasema mimi Chui nimemaliza kumla huyu Mbuzi na sitoki. Nikasema: mzee huyu ana nyumba ya vyumba vitatu kule mjini na bado anakuja kuninyang'anya hapa? Tubadilishane. Humu pakavu, hapavuji, mwenye nyumba hachimbi sebuleni, kwa sababu sebule tayari ni shimo.

Hakuna aliyecheka.

Nilidhani hawajasikia, nikarudia kwa sauti. Nikaona vichwa pembeni ya shimo, na katikati yao mawingu. Kisha mzee mmoja akainama akaniambia polepole, kama unavyomwambia mtu kwamba moto umeshika shati lake, kwamba Mbuzi alikuwa ni marehemu mke wa Kabwe. Nyumba watu waliizoea kuiita kwa jina la ukoo wa mkewe. Kabwe mwenyewe alikuwa Chui.

Unaelewa, mama? Mtani kuingia kaburini ni mchezo. Lakini mtu wa ukoo wako akishuka ndani ya kaburi la ukoo wake, akalala, akaunguruma kwamba amemla, kwetu huyo ana jina moja tu. Sikulisema mimi. Lilianzia nyuma, sauti ya mwanamke, halafu mwanaume, halafu likaja kama mvua kwenye bati: mulozi, mulozi. Mmoja alinitambua, akasema huyu ndiye asiye na kwao, yuko kwenye kila kifo, mnajiuliza bado nani anaua watu mji huu? Nikaona mipini ya sepetu inabadilishwa mikono. Nikajaribu kupanda. Udongo mwekundu uliteleza, nikarudi chini na sehemu ya ukuta. Mwaka mzima wa kusema uongo nilikula nikashiba, na siku niliyosema mimi ni Chui, nikiwa Chui kweli, ndiyo siku nilikuwa nizikwe chini ya mtu mwingine.

Mama yako alikuwa upande wa pili, wanawake wamemzunguka. Hakuweza kunifikia. Lakini wewe ulikuwa mfupi, ukapita katikati ya miguu ya watu, ukaja ukasimama ukingoni na kitumbua mkononi. Ukaniangalia mle ndani. Hukuogopa. Ulikuwa umeniona kwenye makaburi mengi.

Mama Musonda akainua ile fimbo, watu wakanyamaza. Hakuniuliza mimi chochote. Nani angeniamini? Alikuinamia wewe.

"Jina yako nani, mama?"

"Mwape."

"Mwape ya nani?"

"Ya mama na tata," ukasema, ukanionyesha kwa kitumbua.

"Na bote batatu munalalaka wapi?"

Nilifumba macho. Ungeweza kusema popote. Mtoto yeyote angesema kwetu.

"Tunalalaka ku matanga," ukasema. Halafu, kwa sababu ulilelewa vizuri, ukamkaribisha naye, "Na weye unaweza kuya."

Sijui ulipita muda gani, nilikuwa kaburini, saa hazitembei sawasawa humo. Nilisikia kitu kama kikohozi. Nikafumbua macho. Mama Musonda alikuwa anacheka. Kilianzia tumboni, kikapanda kwenye mabega, kikamfikia machoni kikawa maji. Akasema, na neno hili nimelibeba mpaka leo kama watu wengine wanavyobeba hati ya kiwanja:

"Mumutoshe mu shimo. Chui akiingia mu kaburi ya Chui, haina mulozi. Ni mutoto anatafuta nafasi ya kulala kwabo."

Wale wenye mipini wakaninyooshea mipini ileile, nikaishika, wakanivuta. Nilitoka mwekundu kama tofali, nywele mpaka kucha. Mama Musonda akaniwekea sepetu mikononi, akaniambia mtoto hachezi msibani kwa baba yake, mtoto anafukia. Nikamfukia Tata Kabwe. Nilimlilia pia. Ndiyo machozi pekee ya kweli niliyoyatoa mwaka ule, na sikuwahi kumwona mtu yule akiwa hai.

Jioni, alituonyesha chumba cha uani. Siku arobaini zilipopita, alisema nyumba tupu inalia kuliko mjane, akatuhamishia ndani. Watu wa ukoo walimwambia: umetia mwizi nyumbani, atakudanganya. Akawajibu amekwisha kunidanganya, sasa imebaki anisaidie kuezeka bati. Nikaezeka. Nikapata kazi ya kutengeneza pampu za maji za wachimbaji, na kumbe zile spika za kampuni ya kuku, nilizozikuta kwa mtu niliyemuuzia tulipotoka kambini, zilikuwa bado zinalia. Mama yako alifungua nganda, mchana tu, kwa sola, jua likifanya kazi ya umeme. Unajua yaliyobaki. Ulisomea kwenye meza ya nganda ile, karibu na spika iliyokuandama mpaka diploma.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba nimekujengea nyumba. Mji mzima ulishindwa kutupa mahali, ndugu, kanisa, majirani, na wewe uliushinda ukiwa na meno ya maziwa na sukari kwenye kidevu. Mimi nilikuwa shimoni. Wewe ndiye ulijenga.

Na baba yako mkubwa? Ulidhani siku zote alikuja kuishi nasi kwa kuwa alitupenda. Shimo la mgodi lilipanuka likaufikia mtaa wake, naye wakati wa kuandikwa majina hakuwa na karatasi hata moja. Alitokea langoni na godoro kichwani. Nilimwona kutoka dirishani, nikakimbia nikafungua kabla hajabisha, maana nilitaka asipate hata sekunde ya kushika ule mlango. Alilala chumba cha uani miaka yake yote ya mwisho. Sikumkumbusha neno. Nilimwomba tu kila asubuhi anifungie vifungo vya shati, kwa sababu kidole changu hakifungi vizuri. Alifunga. Siku za kwanza alilia. Baadaye alikuwa akifunga kifungo cha juu kwa nguvu mpaka nakohoa, ndipo nikajua amepona.

Sasa kumbuka matanga yake, pale uani. Ulinikasirikia, hukusema nami siku nzima. Alikuja mtu mmoja mgeni na mkewe na watoto wawili, akalia vizuri mno, vizuri kuliko sisi wenyewe, akajiita Samaki, mtani wa marehemu. Wewe ukaniambia sikioni: tata, huyu ni mwongo, Samaki hatanii na Chui, anatania na Mamba. Ulikuwa sawa. Nilijua kabla yako. Alikosea ukoo kama nilivyokosea mimi. Nikasimama nikamwambia, "Karibu sana, mutani, umechelewa," nikampa paja la kuku ulilokuwa umejiwekea wewe. Mama yako akampelekea mkewe kitenge kikavu, akampisha kwenye masufuria. Wakakaa mpaka siku zikatimia. Hatukuwauliza wanatoka wapi. Moto ulikuwa mkubwa, mamangu, na bashi lilikuwa langu. Sijawahi kuwa tajiri kama siku zile.

Fungurume watakudanganya, sikufichi. Watu wa mabashi watakuapia kwa bibi zao. Wengine watakuwa na nyumba mahali, na mjanja mmoja atakuja mara mbili na kofia tofauti. Sikuambii uwaamini. Mimi mwenyewe usingeniamini, na ungekuwa na haki. Lakini mtu anaweza kuwa mwongo na bado usiku hana pa kulala. Mimi nilikuwa yote mawili kwa pamoja, na yote mawili yalikuwa ya kweli. Mama Musonda alijua nimedanganya. Aliuliza tu lile swali lililobaki.

Basi. Sikukusudia kuandika mahubiri, na mkono umeanza kunukia padri.

Nimalizie na deni lako. Usijifanye umesahau. Jumapili ileile kabla mkuu wako wa kazi hajaja kusalimia, ulinibana jikoni ukaniomba nisitoe utani hata mmoja mbele yake. Nilikaa kama picha ya ukutani. Alivaa tai yenye twiga, Mwape. Yenye twiga! Na nikanyamaza. Ulipomsindikiza ulirudi ukasema, "Aksanti, tata, niko na deni yako." Sasa nadai.

Ukifika kule, kabla hujaanza kuandika majina ya watu, tafuta matanga. Yatakuwepo. Usivae ile beji. Nenda kwa watu usiowajua kabisa, uketi mkekani, ukiulizwa ukoo sema wa kwanza utakaokuja mdomoni, ulale pale mpaka asubuhi, ule watakachokuwekea. Mama yako asijue, amekukataza. Halafu unipigie simu uniambie ni nani alikupa sahani, na kama bukari yao ilikuwa laini, au bado ina vidonge kama zamani.

Baba yako, Chui,
Kabamba